Kutoka Tangini Mpaka Kitangari

Shakila alishuka kwenye basi la Masasi akiwa na maboksi mawili ya waifai yaliyofanana kama pacha, na kabla hajafika nyumbani kwao alishaanza kujuta. Hayakuwa mazito. Alijuta kwa sababu alijua, kama mwalimu wa kompyuta anavyopaswa kujua, kwamba moja kati ya hayo maboksi halitafanya kazi. Alinunua hivyo hivyo. Alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo kila kitu kililetwa viwili viwili, na mtu hatoki kirahisi katika malezi yake.

Marehemu baba yake, Mzee Jafari, alikuwa na wake wawili ndani ya uwanja mmoja, pembeni mwa mji wa Newala. Nyumba kubwa, ile iliyo karibu na barabara, ilikuwa ya Bi Sijaona, mke wa kwanza, ambaye Shakila alimwita Mama Mkubwa. Nyumba ya nyuma, bondeni kidogo chini ya mikorosho, ilikuwa ya Bi Zuhra, mama yake mzazi Shakila. Katikati ya nyumba hizo lilikaa tangi la saruji la maji ya mvua, na mifereji ya mabati ya nyumba zote mbili ilimwaga humo. Mzee Jafari akinunua redio, zilikuja redio mbili. Kuna mwaka alikuta duka limebakiwa na sufuria moja tu ya aina aliyoitaka. Aliinunua, akaenda kuificha kwa jirani, na ikakaa huko mpaka alipopata mwenzake. Watu walimcheka, naye akajitia hamnazo.

Pamoja na uangalifu wote huo, wake zake walikuwa hawasemezani. Mwaka mmoja wa ukame Bi Sijaona alitia kufuli kwenye kibanda cha tangi, kile chenye pampu na mfuniko, akasema maji yanachotwa ovyo. Bi Zuhra akaapa hataomba ufunguo kwa mtu. Maji yalichotwa baadaye kwa bomba la nje, ugomvi ukapoa, lakini kufuli halikutoka, na tangu hapo maneno yalibebwa na watoto. Kamwambie mama yako kuku wake wamekula mchicha wangu. Kamwambie mama yako mchicha wake umeota njiani kwa kuku wangu. Shakila ndiye aliyekuwa na mbio kuliko watoto wengine, kwa hiyo yeye ndiye aliyetumwa zaidi. Alikuwa waya wa nyumba ile tangu meno ya utoto, na huenda ndiyo maana hadi leo hawezi kunywa chai akiwa amekaa. Mama yake humwita kiguu na njia.

Sasa mzee alikuwa amefariki, na wajane wawili walikuwa ndani ya eda, kila mmoja kwenye nyumba yake, kila mmoja na kanga zake nyeupe. Hawatoki nje mpaka muda utimie. Na katikati ya eda hiyo, Baba Mdogo Yunusi, ndugu yake marehemu, akaja na wazo la ukuta.

Yunusi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaoamini kwamba wanawake wawili wakinyamaziana dawa yake ni tofali. Eda ikiisha, alisema, uwanja ukatwe kati kwa ukuta, kila mke abaki na chake, na watoto wasije kuvutana siku za mbele. Husseni, mtoto wa Bi Sijaona anayeendesha lori huko Maskati, alishakubali kuchangia. Kilichobaki ni kikao cha familia, Jumapili baada ya adhuhuri, Husseni akiwa kwenye simu ya picha.

Hakuna aliyetamka ukuta utapita upande gani wa tangi, na hakuna aliyehitaji kutamka. Tangi lilikuwa karibu zaidi na nyumba kubwa. Shakila alipozisikia habari hizo kule Masasi, usingizi ulimpaa. Alimwona mama yake, na miguu yake inayovimba, akipanda kila asubuhi na ndoo kichwani, kwa sababu Newala mtu asiye na tangi ana ndoo. Na aliyeomba ukuta alimjua. Nani mwingine, kama si yule aliyetia kufuli?

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Mama yake aseme mwenyewe kwenye kikao. Asisemewe na Yunusi.

Tatizo ni kwamba nyumba ya nyuma haikuwa na mtandao wa simu. Mnara ulikuwa ng'ambo ya barabara, na bonde, mikorosho, tangi na mabati vilikula kila kitu kabla hakijamfikia Zuhra. Siku zote akitaka kupiga simu alikuwa anapanda hadi kwenye jiwe moja kando ya barabara, anasimama juu yake na kuongea na dunia. Mwenye eda hasimami juu ya jiwe barabarani. Husseni alikuwa ametuma simu mbili kubwa za kisasa, aina moja, rangi moja, maana naye ni mtoto wa Jafari, lakini ya Zuhra ilikuwa kioo tu cha kujitazamia.

Wiki iliyotangulia Shakila alikuwa amependekeza jambo la akili. Boksi lenye laini likae nyumba kubwa, ambako mnara unaonekana, kisha waya utoke hapo, upite uwanjani, uingie kwenye boksi la pili nyumba ya nyuma.

"Waya utoke kwangu uende kwake?" Bi Sijaona aliuliza.

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Usitoke. Kesho ataambia watu namsimanga."

Akashuka kwa mama yake, na huko akakuta jibu lile lile limekwishaiva. "Sitaki cha kutoka kule," alisema Zuhra. "Nisimangwe hadi kwa kitu kisichoonekana?"

Ndiyo maana akaja na maboksi mawili, kila moja na laini yake, kila moja na jina lake na neno lake la siri. Alijidanganya kwamba boksi la nyumba ya nyuma, kwa kuwa lina antena nne, litaona mnara ambao simu haiuoni. Alitaka amani, akainunua dukani.

Jumamosi asubuhi walijaribu. Kipupwe cha uwandani kilikuwa kinavuma, na kwenye mashamba ya jirani mashine za kupuliza dawa ya salfa zilikuwa zimeshaanza kunguruma mikoroshoni. Boksi la nyumba kubwa likaitwa Mama Husseni kwenye simu, la nyumba ya nyuma likaitwa Mama Shakila. Husseni akapiga kutoka Maskati. Upande wa Bi Sijaona Husseni alionekana hadi jino lake la pembeni. Upande wa Zuhra simu ilionyesha mistari yote ya waifai imejaa, na hakukuwa na kitu. Boksi na simu walikuwa wanasikilizana vizuri sana wao wawili, lakini boksi lenyewe halikuwa na pa kuchota.

"Mama... Shak... vipi ha..." Sauti ya Husseni iliingia imekatwakatwa, ikapotea.

Shakila alitoka na simu yake mwenyewe, akapanda uwanjani akiitafuta sauti. Nusu ya njia simu ikaachia jina la mama yake, ikabaki hewani bila jina lolote, kisha ikauliza neno la siri la nyumba kubwa kama askari wa getini. Alipofika barazani Husseni alikuwa bado yupo hewani, akiongea na Yunusi.

"Basi, Baba Mdogo," alikuwa anasema, "kama kule hakupatikani, utamsemea wewe Mama Shakila. Kikao kisikwame."

"Hilo halina tatizo," Yunusi alisema, akamgeukia Shakila kwa upole wa kweli. "Mwanangu, mbona unajihangaisha? Mimi mama yako namjua. Nitamsemea vizuri tu."

Hapo ndipo hasira zilipompanda. Hakumjibu, kwa kuwa ni baba yake mdogo. Alianza kutembea. Alizunguka nyumba kubwa, akashuka hadi nyumba ya nyuma, akapanda tena, mkononi ameshika kipande cha muhogo wa kuchemsha ambacho hakukumbuka kukila. Mama yake alimchungulia dirishani akakohoa kumwonyesha kwamba anaonekana. Shakila akaendelea kuzunguka. Kila akipita katikati ilimbidi alikwepe lile tangi, na mara hii, alipolikwepa, simu mkononi ikatetemeka. Ujumbe uliokuwa umekwama ulikuwa umeingia.

Alirudi nyuma. Akapanda ngazi fupi ya saruji hadi mlangoni pa kibanda cha pampu. Hapo mnara ulionekana kupitia pengo la mikorosho, mtandao ukajaa. Ndani kulikuwa na umeme wa pampu. Na tangi halikuwa la mtu. Lilikuwa limekaa pale katikati miaka yote, likipokea maji ya mapaa yote mawili bila kuuliza yametoka kwa nani.

Mlango ulikuwa na kufuli.

"Shikamoo tena, Mama Mkubwa," alisema ndani ya nyumba kubwa, bado amesimama.

"Marahaba. Kaa basi."

"Naomba ufunguo wa tangi."

Bi Sijaona alikuwa anasuka ukili. Mikono haikusimama, lakini ilipunguza kasi. "Wa nini?"

"Boksi lenye laini nataka likae mle. Halafu nitoe nyaya mbili, mmoja uje kwako, mmoja uende kwa mama. Hakuna atakayepata kutoka kwa mwenzake. Wote mtapata kutoka tangini, kama maji."

Bi Sijaona alisuka kwa muda. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kitenge, kipande ambacho Shakila alikitambua kwa sababu mama yake alikuwa na nguo nzima ya jora lile lile.

"Ukishafungua," alisema Bi Sijaona, "usinirudishie."

Shakila alishindwa kujua kama hayo ni maneno ya heri au ya shari. Hakuwa na nafasi ya kuuliza. Kazi aliivalia njuga.

Boksi la tangini lilikuwa lile la kwake mwenyewe, dogo, analotumia chumbani kwake Masasi na ambalo alikuwa amelitia mkobani kwa wasiwasi tu. Yale pacha mawili aliyatoa laini, akayageuza yawe ya kupokea na kusambaza tu, moja kila nyumba. Mjini alipata roli la waya na bomba jembamba la plastiki. Akachimba mfereji mwenyewe kwa jembe, akishona uwanja kutoka tangini kwenda pande zote mbili, huku Yunusi akiwa barazani anamweleza namna ya kushika jembe.

Habari za mfereji zilimfikia Zuhra kabla mfereji haujafika. "Waya wa kule na wa huku," alimuuliza binti yake kupitia dirisha, "upi mrefu?"

"Wa kwako, mama. Wewe uko mbali zaidi."

"Kwa hiyo wake utakuwa na nguvu."

Shakila alieleza kwamba kwa masafa hayo hakuna tofauti yoyote. Alieleza kwa Kiswahili cha darasani, akaeleza kwa Kimakonde, mama yake akamsikiliza kwa adabu zote na asiamini hata neno. Mwishowe alipima waya wa nyumba ya nyuma, akakata wa nyumba kubwa uwe sawa na huo, na uliozidi akauviringisha nyuma ya kabati la Bi Sijaona. Baba yake angefanya hivyo hivyo.

Likabaki jina. Maboksi yote matatu yalipaswa kuwa na jina moja na neno la siri moja, ili simu ikitoka nyumba hii kwenda ile isijue kwamba imehama. Liwe Mama Husseni? Zuhra asingelikubali. Liwe Mama Shakila? Afadhali hata asiulize. Alipomweleza Bi Sijaona, huyu alisema bila kuinua macho, "Mwite mwenyewe, mwenye uwanja." Zuhra alipoulizwa alisema, "Si kwake hapa?" Kwa hiyo ikaandikwa Kwa Jafari, na simu mbili za rangi moja zikaonyesha, kwa wakati mmoja, kwamba zimeunganishwa. Zuhra aliishika ya kwake karibu na macho, akaisoma polepole, kisha akaiweka kifudifudi juu ya kitanda.

Jumapili asubuhi Shakila alimpigia Husseni na kuanza kutembea. Alitoka chumbani kwa mama yake, akapita jikoni, akapanda kando ya tangi, akaingia nyumba kubwa mpaka kwenye lile kabati, na sauti ya Husseni haikukatika hata mara moja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mbio zake kati ya nyumba hizo zilikuwa hazijabeba maneno ya mtu. Alitaka kucheka.

"Rudi tena," alisema Husseni. "Nataka nione kama itakatika."

"Haitakatika."

"Shakila, ukuta utawasaidia wote. Wamechoka wale."

"Tutasikia wenyewe watasema nini," alijibu, akarudi bondeni.

Kikao kilianza kwa fatiha. Yunusi alikaa barazani na simu yake. Wajane walikuwa vyumbani mwao, picha zao zimefungwa kwa sababu Yunusi ni shemeji na wao wamo edani, kwa hiyo kwenye kioo walikuwa miraba miwili myeusi kando ya uso wa Husseni. Shakila alisimama mlangoni kwa mama yake, mguu ndani mguu nje, macho kwenye taa ndogo ya kijani ya boksi. Akiitazama aliiombea dua kama mgonjwa.

Yunusi aliongea sana. Aliongea juu ya marehemu, juu ya amani, juu ya familia moja ya upande wa Masasi ambayo haikujenga ukuta na yaliyoipata. Shakila alihesabu kimya kimya maneno ambayo mama yake angeyasema, waliyokuwa wameyapanga pamoja usiku wa jana, au aliyodhani wameyapanga, maana yeye ndiye aliyekuwa anapanga na mama yake alikuwa anaitikia. Tangi ni la wote. Ukuta hautakiwi.

"Sasa mama zangu," alisema Husseni, "kila mmoja aseme la moyoni mwake. Mama, anza."

Mraba mmoja mweusi ukakohoa.

"Mimi nina swali," ilisikika sauti ya Bi Sijaona. "Ukuta huu kauomba nani?"

Yunusi alijiweka sawa kitini. "Shemeji, hili ni jambo la heri tu, tuliona kwamba..."

"Nakuuliza kauomba nani. Mimi sikuuomba."

Shakila aliondoa macho kwenye taa ya kijani. Kwa siku zote hizo alikuwa amemchukia mtu kwa neno ambalo mtu huyo hakulisema, na aibu ilimpanda usoni akiwa peke yake pale mlangoni. Kisha furaha ikaisukuma aibu kando. Ukuta umeanguka, aliwaza, kabla ya tofali la kwanza. Alimwashiria mama yake kwa mikono miwili. Sema. Sema sasa.

Zuhra alijiviringisha kanga vizuri, ingawa hakuna aliyemwona.

"Namshukuru Mungu nimesikia kila kitu kwa masikio yangu," alisema. "Ukuta msijenge, mtapoteza tofali. Mimi eda ikiisha narudi Kitangari, kwenye mikorosho ya mama yangu. Hapa nilikuja kwa mume, na mume katangulia. Nyumba hii ataikalia Shakila akija, au mtaweka mtu. Sina ugomvi na yeyote."

Upepo ulipiga mlango, Shakila akaushika kwa mkono.

"Mama," alinong'ona, "hukuniambia."

Zuhra alifunika simu kwa kiganja. "Ningekuambia ungeanza kukimbia huku na huko. Na wewe ndiye uliyesema niseme mwenyewe. Nimesema."

Ilimuuma. Ilimuuma hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikuwa amechimba uwanja mzima, amepima nyaya, ametoboa kuta, ili sauti ya mama yake ifike, na sauti ilipofika haikuwa ile aliyoiandaa. Aliwaza Kitangari, nyumba ya udongo ya bibi yake isiyo na mtu, na miguu ya mama yake. Akawaza pia kwamba mama yake alikuwa hajawahi kuongea kwa utulivu namna ile tangu msiba.

Yunusi alifunga kikao kwa dua fupi kuliko ya kufungulia. Alionekana kama mtu aliyekuja na panga kukata mti akakuta umeshaanguka. Alisema salfa inamsubiri shambani, akakata simu.

"Baba Mdogo katoka?" Husseni aliuliza. "Basi mama zangu, mimi ni mtoto wenu, washeni picha niwaone kabla sijaondoka na mzigo."

Shakila alimbonyezea mama yake. Huko juu Bi Sijaona alibahatisha mwenyewe. Na hapo, bila mtu yeyote kukusudia, wale wanawake wawili wakatazamana. Walikuwa hawajaonana tangu siku ya mazishi, na uso kwa uso namna ile, mtu kumtazama mwenzake machoni bila kugeukia kuku au mchicha, Shakila hakujua ni tangu lini. Husseni aliwatania kwamba wamenenepa. Aliwaombea heri. Kisha mwenye mzigo akamwita, naye akatoka.

Shakila alikwenda chumbani kwake kufunga mkoba. Basi la mchana la kurudi Masasi lingepita muda si mrefu, na alitaka kuwa ndani yake. Alitaka kuwa mahali popote ambapo hakuna mtu wa kumshangaza. Alikunja nguo vibaya, akazikunjua, akazikunja tena. Akapanda nyumba kubwa kuaga, na kuomba radhi pia, ingawa hakujua ataombaje radhi kwa jambo ambalo aliyekosewa halijui.

Alimkuta Bi Sijaona mkekani, ukili mkononi. Simu ilikuwa imeegeshwa kwenye kopo la majani ya chai. Bado ilikuwa hewani. Kwenye kioo alionekana mama yake, ungo magotini, anachagua mchele. Hakuna aliyekuwa anaongea. Ilisikika mchele ukipepetwa, na kwa mbali jogoo, ambaye alisikika mara mbili, mara moja kwenye simu na mara moja dirishani.

"Mmesahau kukata," alisema Shakila. "Ngoja nikuzimie, Mama Mkubwa."

"Acha."

Shakila aliurudisha mkono.

"Lile boksi la tangini," alisema Bi Sijaona, "ndilo linalomfikisha mwenzangu hapa?"

Shakila hakuwahi kumsikia akimwita hivyo. Siku zote alikuwa yule, au mama yako. "Ndiyo. Lile la tangini, na hili la kwako, na lile la kwake."

"Na kutoka hapa mpaka Kitangari yanatakiwa maboksi mangapi?"

Mwalimu wa kompyuta alifungua mdomo kueleza. "Maboksi hayahitajiki, Mama Mkubwa. Kitangari mtandao upo. Mtakuwa mnapigiana simu tu."

"Simu hupiga mwenye neno," alisema Bi Sijaona, akivuta jani la ukindu kulikaza. "Mimi sina neno. Miaka yote hii namsikia asubuhi anavyokohoa, anavyowafokea kuku. Nikimsikia najua kumekucha. Sitaki kumpigia. Nataka awepo tu, kama hapo ng'ambo ya tangi."

Kwenye kioo mikono ya Zuhra ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Nje, mfereji alioufukia jana ulionekana bado mbichi, umekatisha uwanja kutoka huku hadi kule, mahali pale pale ambapo ukuta ungepita.

"Yatakuwa mengi, Mama Mkubwa," alisema. "Hayahesabiki."

"Wewe si mwalimu? Hesabu."

Barabarani basi la Masasi lilipiga honi, likangoja kidogo, likapiga tena. Shakila aliweka mkoba chini, akaketi mkekani, akaanza na lile la tangini.